Mfuko wa Paja la Kwanza

Leadore, Idaho
3 Agosti 1986

Dada Verla,

Kabla hujauliza: ndiyo, ninakula, ndiyo, ninaoga, na hapana, sijarudi shule wala sina mpango. Natumaini huko Alaska samaki hawajakumaliza kwa harufu. Huku tuko wazima. Majani ya ng'ombe yamekatwa, yamefungwa, yako ghalani, na zaidi ya nusu nimefunga mimi, muulize mtu yeyote isipokuwa Baba. Farasi wetu Dolly bado anachechemea mguu wa nyuma na hawezi kubeba hata blanketi. Kaburi la Mama nimelipalilia.

Baba mzima sana. Siku hizi amekuwa mpenda mandhari. Akitoka nyumbani kwenda ghalani husimama njiani akatazama milima, anakwenda kidogo, anasimama tena akatazama ileile. Milima haijahama, lakini anaikagua kama mtu anayetaka kuinunua.

Sasa kaa kitako usikie habari yenyewe. Nimepata kibali cha kuwinda elki. Mwaka huu siendi kuchimba viazi vya watu mwezi wa Oktoba kama miaka yote, viazi vijichimbe vyenyewe. Kulungu nimewapiga mpaka wamechoka kuniona, sasa namtaka mkubwa wao: dume, mzito kama fahali wa miaka miwili, pembe kama mti uliokauka. Kip Haag alimpata wake mwaka jana, na tangu hapo anatembea kama yeye ndiye aliyeumba ule mlima. Nataka kumsaidia ashuke.

Bunduki ninayo, kisu ninacho, buti zinavuja kidogo tu. Kilichobaki ni mifuko ya kushushia nyama, maana Dolly hawezi, itabidi tubebe mgongoni. Ile mifuko yako ya zamani panya wameigeuza wodi ya wazazi. Nilikwenda dukani kwa Strupp. Anayo myeusi ya plastiki, ile ya takataka, anasema wawindaji wa mjini wanainunua sana. Anayo pia ya kitambaa, mikubwa, inaingia paja zima la elki na mfupa wake na wewe ukakaa juu. Mimi moyo umeshakwenda kwa hiyo mikubwa. Lakini Baba amesema nikuulize wewe kwanza, eti mambo ya mifuko yalikuwa yako. Nimeshangaa. Tangu lini Baba akaniambia nimuulize mtu kitu?

Basi nauliza. Jibu upesi kabla Strupp hajawauzia watu wa mjini.

Ndugu yako mzuri kuliko wote uliozaliwa nao (najua niko peke yangu),
Thayne


Kodiak, Alaska
20 Agosti 1986

Mdogo wangu Thayne,

Barua yako imenifikia imelowa, lakini maneno yako hata maji hayayatoi. Mimi mzima. Tunasimama kwenye meza za kusafishia samaki tangu asubuhi mpaka mikono inakuwa kama si yangu. Ninalala chumba kimoja na mama mmoja wa Kifilipino, anaitwa Perla, amefanya kazi hii tangu mimi sijazaliwa na ananiita mtoto. Barua zinategemea ndege, na ndege inategemea ukungu, kwa hiyo usinikasirikie nikichelewa.

Asante kwa kaburi la Mama.

Kuhusu mifuko. Ya plastiki usiiguse. Nyama ya elki inatoka kwa mnyama ikiwa ya moto, ukiifunga kwenye plastiki inatokota kwa joto lake yenyewe, na ukifika chini unamletea Baba uvundo. Ya kitambaa ndiyo, kwa sababu inapumua na inzi hawapiti. Lakini ile mikubwa ya Strupp usinunue. Mfupa wa paja unashika joto kuliko jiko. Nyama inaoza kuanzia ndani, na nje unaiona nyekundu na nzuri, huna habari. Kata minofu hukohuko juu, mfupa uuache mlimani, minofu uitie kwenye mifuko midogo. Midogo kabisa. Kila mmoja uwe mzigo ambao mtoto wa shule angeubeba bila kulalamika.

Sasa nijibu mambo mawili, na usinizungushe. Baba akisimama kutazama milima, anasimama wima au anashika kitu? Na ni nani anayepanda nawe?

Dada yako,
Verla


Leadore
5 Septemba 1986

Dada Verla,

Salamu zako zimefika, na Perla mwambie namsalimia, na kwamba huyo anayemwita mtoto alinifukuza na ufagio mpaka barabarani nikiwa na miaka kumi. Ng'ombe wazima. Theluji ya kwanza imegusa vilele. Baba mzima.

Anashika nguzo ya ua. Anaishika kwa sababu nguzo ipo pale, mtu akisimama karibu na nguzo mkono uende wapi?

Anayepanda nami ni Baba. Ulidhani nani, Rais?

Nisikufiche: mifuko mikubwa nimeshanunua. Usichane barua, soma kwanza. Nilipoileta nyumbani Baba aliutandaza mmoja mezani, akaupapasa kwa kiganja kama anavyopapasa shingo ya farasi, akasema, "Huu utaingia paja la kwanza." Verla, tangu Mama atutoke sijamwona na uso ule. Ungekuwa wewe, ungeurudisha dukani?

Unajua desturi yetu kina Tolman kuliko mimi. Mtoto akimwangusha elki wake wa kwanza, baba ndiye anayebeba paja la kwanza, zima, na mfupa wake, mpaka kwenye gari bila kuliweka chini. Babu alibeba la Baba. Baba alibeba lako. Mimi nilikuwa mdogo, nimefungwa blanketi kwenye pikapu, nikamwona anatoka msituni na lile paja mgongoni, damu imemchirizika mpaka kwenye buti, na wewe nyuma yake na bunduki, hukuwa unagusa ardhi. Tangu siku ile nasubiri zamu yangu. Nimekosa zamu kwa ajili ya viazi vya watu, mwaka baada ya mwaka. Na desturi ile nyingine unaijua: mfuko ukishafungwa juu haufunguliwi njiani. Kilichofungwa kinashuka kama kilivyo.

Kwa hiyo hiyo mifuko yako ya watoto wa shule wape watoto wa shule. Juu ya joto usihofu, itakuwa Oktoba, baridi ya huko juu inagandisha mate. Mfupa utapoa wenyewe.

Kip ameuliza kama nitahitaji mtu wa kunishikia bunduki. Nimemwambia nitahitaji mtu wa kushika taya lake litakapoanguka.

Thayne, mwindaji


Kodiak
16 Septemba 1986

Thayne,

Natumaini hamjambo wote wawili. Huku samaki wamepungua, wameanza kuturuhusu kupumzika Jumapili. Perla anakusalimia, anasema angekutumia ufagio mpya.

Rudisha ile mifuko kwa Strupp. Akikataa kuipokea, ichome.

Nimenunua kitambaa cha marekani, kile kizito kisichopaushwa, na Perla ameniazima cherehani yake. Ninashona jioni baada ya kazi. Perla ananicheka, anasema nashona soksi za dubu. Mifuko ni midogo, mishono miwili, kamba juu. Nikimaliza nitaituma kwa ndege ya kwanza. Usipande mlimani kabla kifurushi hakijafika. Msimu ukifunguliwa, wewe kaa. Wakikucheka, kaa.

Unasema baridi itapoza mfupa. Haitapoza. Unasema desturi. Desturi naijua, nilikuwepo. Wewe ulikuwa kwenye blanketi ukaona anatoka msituni. Mimi nilikuwa nyuma yake njia nzima, na nilimsikia anavyopumua. Na wakati ule alikuwa na nguvu za kuangusha nguzo.

Kuna sababu nyingine ambayo niliapa kutoisema. Usiniulize.

Nakuomba, Thayne. Hebu fikiri, tangu uzaliwe nimekuamrisha mambo mangapi, na nimekuomba mangapi?

Verla


Leadore
30 Septemba 1986

Dada Verla,

Salamu. Tumeteremsha ng'ombe kutoka malishoni, hawajapungua hata mmoja. Nimekata kuni, rundo limefika dirishani. Dolly amenikanyaga.

Kweli hujawahi kuniomba kitu. Ndiyo maana nimekaa na barua yako muda mrefu, nikaenda nayo hata kwenye kuni. Lakini na wewe niambie, nimwambieje Baba? "Baba, mwaka huu tusipande, Verla anashona"?

Nikueleze kinachoendelea hapa, halafu uniambie ungefanyaje. Baba anafanya mazoezi. Amechukua mmoja wa ile mifuko mikubwa, akautia shayiri ya Dolly mpaka ukajaa, akaufunga kwenye ile fremu yake ya mbao ya kubebea mgongoni, akaenda nao mpaka lango la chini na kurudi. Anasema anauzoesha mgongo wake adabu. Siku ya kwanza alifika langoni akarudi, akanikonyeza. Jana alifika langoni. Nilikuwa juu ya paa la ghala napigilia mabati, nikamwona amekaa juu ya gogo, fremu bado mgongoni, uso una rangi ya majivu. Nikateremka nikamkuta. Akasema alikuwa anatazama milima.

Upande ule hakuna mlima, Verla. Kuna ukuta wa ghala.

Nilimvua ule mzigo na hakunigombeza. Hilo ndilo lililonitisha kuliko rangi ya uso. Yule mtu alinigombeza siku nilipomsaidia kuvaa koti kwenye mazishi ya Mama.

Lakini mzima. Usiku alikula viazi na nyama ya kopo, maana friza letu lina barafu tu na mkia wa ng'ombe. Hiyo nayo ikumbuke huko uliko. Tusipopata elki, majira haya ya baridi tutakula makopo mpaka tuanze kung'aa.

Unasema uliapa. Hata mimi kuna kitu niliapa. Kwa hiyo tusiulizane. Msimu unafunguliwa katikati ya Oktoba. Nitasubiri kifurushi mpaka siku hiyo. Baada ya hapo Baba atakuwa ameshavaa buti, na mtu akishavaa buti unajua mwenyewe.

Thayne


Kodiak
7 Oktoba 1986

Mdogo wangu,

Sina salamu ndefu leo. Nimesoma barua yako nimesimama, na Perla akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia bado.

Navunja kiapo. Ni moyo wa Baba. Machi, kabla sijaja huku, nilimpeleka kwa daktari mjini Salmon, nikaingia naye ndani. Daktari alimwambia asibebe kitu chochote kizito kuliko ndoo ya maji, na mlima aupande polepole, mikono mitupu, kama ni lazima aupande. Tulipotoka, Baba aliniapisha kwenye ngazi za pale. Alisema wewe usijue kabisa, kwa sababu ukijua utawinda na hofu, na mtu mwenye hofu anapiga vibaya, anamjeruhi mnyama, anamwacha akafie msituni. Nikaapa. Nilidhani kuapa ni rahisi kwa vile nitakuwa mbali.

Sasa unaelewa kwa nini mifuko. Mfupa, joto, yote ni kweli, lakini nilikuwa nayatumia kama pazia. Baba hawezi kukatazwa kubeba. Ukimwambia usibebe, atabeba viwili. Kinachoweza kumzuia ni ukubwa wa mfuko tu. Ukifungua mfuko mkubwa mbele yake, atautia paja zima, ataufunga, na kwa kuwa haufunguliwi njiani, ataubeba mpaka pale utakapomshinda. Thayne, hatafika kwenye gari.

Usipige risasi mpaka mifuko midogo ifike.

12 Oktoba. Dhoruba. Ndege haijatua wiki nzima. Barua bado ninayo, kifurushi kiko chini ya kitanda changu kimefungwa kamba. Nimejaribu simu ya kiwandani, laini imekatika tangu upepo uanze. Perla anasema niache kwenda uwanjani, ndege haiji kwa kutazamwa.

15 Oktoba. Bado.

Verla


Leadore
20 Oktoba 1986

Dada Verla,

Hatujambo. Ng'ombe hawajambo. Dolly anaendelea vizuri. Tulingoja kifurushi, hakikuja. Tulipanda siku ya kwanza ya msimu, tukaenda mpaka ule uwanda wa juu wenye chemchemi. Kulikuwa na dume. Nilikosa.

Baba aliuliza neno moja tu. Kip Haag amesema mengi, na dukani kwa Strupp wamenichorea mlima kwenye kipande cha boksi, na tundu la risasi katikati, wakaandika "Windo la Thayne." Wamekibandika karibu na mashine ya hela ili kila mtu akione.

Baridi imekuwa kali.

Thayne


Kodiak
30 Oktoba 1986

Thayne,

Ndege ilitua tarehe 18. Barua yangu ya tarehe 7 na kifurushi viliondoka pamoja. Sasa hivi vitakuwa vimekufikia au viko karibu.

Barua yako ya tarehe 20 ni fupi kuliko zote ulizowahi kuniandikia. Hujajisifu hata mara moja. Nimeisoma nikaenda kukaa kwenye ngazi za nje, kwenye mvua.

Ulipokuwa na miaka tisa ulikuwa unapiga makopo juu ya ua, na ukimaliza unapiga vifuniko vyake. Wewe hukosi.

Sikuulizi. Narudi mwisho wa Novemba, kiwanda kikifungwa. Mshike Baba mpaka nije.

Dada yako anayekupenda, na hilo nalo sijawahi kukuambia,
Verla


Leadore
10 Novemba 1986

Dada Verla,

Umeharibu. Sasa kila nikigombana nawe nitaitoa ile barua na kukusomea mstari wa mwisho.

Tuko wazima, wote, na safari hii neno lenyewe lina maana yake. Kifurushi kilifika na barua yako ya siri siku moja. Nikaisoma ghalani, nikacheka mpaka Dolly akanigeukia. Verla, mimi Baba aliniambia mwezi wa Aprili. Tulikuwa kwenye pikapu, tunatoka kununua misumari, akasimamisha gari kando ya barabara, akazima injini, akanieleza yote ya daktari, halafu akaniapisha nisikuambie wewe, eti ukijua utaacha kazi urudi kumlea. Akaniambia wewe hujui kitu. Basi muda wote huo mimi nakuficha wewe, wewe unanificha mimi, na yeye kakaa katikati yetu anatazama mandhari. Ile mifuko mikubwa niliinunua nikijua, nikijidanganya kwamba paja moja halitamuua.

Sasa yule dume. Nakuambia wewe tu, na ukimwambia Kip nitakataa. Sikukosa, kwa sababu hata sikujaribu kumpiga. Alitoka kwenye misonobari polepole, akasimama ubavu, karibu kiasi kwamba niliona mvuke unamtoka puani. Hata Kip angempata, hata Perla na ufagio wake. Nilikuwa naye kwenye shabaha. Kisha nikageuka kidogo kumwangalia Baba. Alikuwa amekaa chini yangu, kaegemea jiwe, midomo ya bluu, na ule mfuko mkubwa ameshautoa, ameukunjua juu ya magoti, anaulainisha kwa kiganja. Alikuwa tayari. Nikaona: nikikunja hiki kidole, nimeua wawili. Nikapiga gogo. Dume akaondoka bila haraka, kama mtu aliyekosewa adabu.

Baba akaniuliza kulikoni. Nikasema nimekosa. Ndiyo neno gumu kuliko yote niliyowahi kuyatoa mdomoni, na nimewahi kumwomba msamaha Kip.

Mifuko yako ilipofika niliitandaza mezani. Baba akaingia, akaitazama, akauliza ni nguo za ndani za nani. Nikasema ni mifuko ya nyama, Verla kashona. Akashika mmoja akauvuta mishono, akasema imeshonwa imara, akatoka nje. Ile mikubwa niliitia kwenye debe la nguo chafu, moja kwa moja juu ya soksi zangu, nikijua hapo hataigusa.

Tulipanda tena mwishoni mwa msimu. Nilimwambia mimi natangulia kukanyaga theluji, yeye afuate nyayo zangu mikono mitupu, nikabeba kila kitu. Nilikwenda polepole mpaka nikaona aibu mbele ya miti. Tulimkuta dume mwingine, mdogo kuliko yule, pembe za kawaida, si za kuchorwa kwenye boksi. Nikampiga mara moja, nyuma ya bega. Alikwenda hatua chache, akapiga magoti, akalala. Nilidhani nitapiga kelele. Sikupiga. Baba alifika akaweka mkono juu ya shingo ya yule mnyama, kisha juu ya shingo yangu, ukiwa bado na damu.

Nikachuna. Nikakata minofu ya paja la kwanza kutoka kwenye mfupa kama ulivyoniambia, nikaitia kwenye mifuko yako, ikachukua mitatu. Nikafunga kamba zote haraka, kabla hajageuka. Alipogeuka alikuwa ameshaitoa fremu yake kwenye mizigo yangu na kuivaa mgongoni.

"Paja langu liko wapi?" akauliza.

Nikampa mfuko mmoja. Akaupima kwa mkono, juu, chini.

"Hili ni paja la sungura."

"Ndio mfuko alioshona Verla, Baba. Na umeshafungwa."

Akaugeuza ule mfuko, akatazama fundo. Upepo ukawa unapita tu. Nilikuwa nimeshika kisu na sikujua nikiweke wapi.

"Verla anajua?" akasema.

"Anajua. Aliingia nawe kwa daktari."

"Na wewe ukamwambia kwamba unajua?"

"Sikumwambia. Kaniambia yeye."

Nilidhani atakasirika. Alicheka, Verla, kile kicheko cha puani, mpaka akashika mti. Akasema amezaa wanafiki wawili na amewafunza mwenyewe. Kisha akainama, akauokota ule mfupa wa paja, mtupu, mweupe, bado una utando wa nyama, akaufunga kwa kamba nje ya fremu, ukasimama juu ya bega lake kama bomba la jiko. Akasema paja bila mfupa si paja, na kwamba mfupa huo dada yangu hakuushonea mfuko.

Nikataka kumzuia. Nikaupima kwa macho pamoja na ule mfuko wake: ndoo ya maji ni nzito zaidi. Nikaacha.

Alitangulia yeye. Mimi nyuma na mzigo wangu, nilioujaza vizuri, nisikudanganye, magoti yalikuwa yanaongea. Sikuona njia, sikuona miti. Niliona ule mfupa tu. Ulikuwa unatikisika kushoto, kulia, kushoto, kulia. Ukitikisika, anatembea. Kwenye ule mteremko wa mawe ulisimama. Nami nikasimama. Sikumwita, kwa sababu nikimwita atajua naogopa. Nilimsikia anavyopumua, kama ulivyosema. Mfupa ukatulia pale, umetulia kabisa, na mimi nikawa nauambia kimoyomoyo maneno ambayo sitayaandika. Kisha ukainama kidogo kushoto. Halafu kulia.

Hakuuweka chini mpaka kwenye pikapu.

Barabarani tukamkuta Kip na baba yake, Merle, wameegesha gari, wanakunywa kahawa. Merle akaangalia ule mfupa, akauliza ni nani aliyebeba paja la kwanza la kijana. Baba aligusa mfupa tu. Merle akavua kofia. Kip akaona mifuko yako midogo nyuma ya pikapu, akafungua mdomo, akaniangalia, akaufunga. Nami, Verla, ambaye unajua mdomo wangu, sikusema kitu. Kesho yake nilipanda mlimani mara mbili na nyama iliyobaki haikuisha, Kip akaja kunisaidia. Alibeba mifuko miwili kila mkono akalalamika ni midogo. Nikamwambia ni ya watoto wa shule, ndiyo maana nimempa.

Nyama yote iko kwenye friza, haina harufu, hata kidogo. Mifuko nimeifua, iko kwenye kamba nje, imeganda, inasimama yenyewe kama watu wadogo. Baba amekubali kurudi kwa daktari ukifika, kwa sharti uendeshe wewe, eti mimi naendesha kama ninayekimbia polisi.

Ule mfupa ameutundika barazani, kwenye msumari wa karibu na mlango. Upepo ukija unagonga ukuta. Kila ukigonga naacha ninachofanya nakwenda kumchungulia, na kila nikimchungulia ananiuliza natazama nini.

Namwambia natazama mandhari.

Njoo.

Thayne